Mkubwa ni Jaa

Juma lililopita kijana mmoja, jirani yangu hapa Kongowea, alinijia barazani wakati wa jioni. Aliniamkia kwa adabu, akaketi, akaniambia kwamba kazini kwake wamempandisha cheo: tangu mwanzo wa mwezi yeye ni msimamizi wa watu kumi na wawili katika ghala. Nikampongeza. Lakini uso wake haukuwa uso wa mtu aliyepandishwa cheo. Akaniuliza, "Mzee, nifanyeje ili watu hawa wanitii? Baadhi yao wamenizidi umri, na mwezi uliopita tu nilikuwa nikibeba mizigo pamoja nao."

Nikamjibu, "Mwanangu, swali lako ni jema, ila umelitanguliza mbele ya jingine lililo kubwa zaidi. Ulipaswa kuniuliza kwanza: nifanyeje ili watu hawa waniambie kweli?"

Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Wala sikumfanyia mzaha. Tulizungumza hata usiku ukaingia, na kwa kuwa wengi wanaosoma safu hii ni makarani, wasimamizi, viongozi wa vyama vya ushirika na wenye mashamba walioajiri vibarua, nimeona yafaa mazungumzo yale niyaandike hapa.

Mtu atakaye kuona uongozi kwa macho yake, na aje katika soko letu la Kongowea alfajiri. Wakati huo malori yaliyosafiri usiku kutoka bara huwa yamekwisha fika na viazi, kabichi na vitunguu, na mahamali wanangoja kushusha. Hapo utaona wasimamizi wa namna mbili. Wa kwanza huanza kupiga kelele kabla turubali halijafunuliwa. "Haya! Haya! Mnalala?" Hata jua likichomoza sauti yake imekauka, na magunia ya mtu mmoja yamechanganyika na ya mwingine, kwa maana hakuna aliyethubutu kumwuliza yawekwe wapi.

Wa pili hupita kwanza kati ya watu wake, akamsalimu kila mmoja kwa jina lake. Kisha husema kwa sauti ya kawaida: "Lori hili lina viazi vya watu wawili. Yenye kamba nyekundu yanakaa kushoto, yenye kamba nyeupe kulia, na gunia lililolowa litengwe peke yake. Tumalize kabla ya saa moja, maana lori jingine linangoja nyuma." Halafu huuliza, "Kuna neno?" Na akishauliza, hungoja.

Nakuomba, msomaji, ukitazame sana kule kungoja kwake. Wengi wetu huuliza "Kuna neno?" huku tumekwisha geuza mgongo. Mtu mnyonge hana haraka ya kusema mbele ya mkubwa. Hulipima neno lake kwanza, humtazama mwenzake, hukohoa, ndipo aseme. Asiyengoja muda wa kikohozi kimoja hatasikia kitu, kisha ataondoka akijisifu kwamba watu wake hawana malalamiko.

Neno nyapara lenyewe lina mafundisho ndani yake. Katika karne ya 19 nyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Alitembea pamoja na watu wake, akalala kambini pamoja nao, na walipokuwa na shauri juu ya posho au mzigo, yeye ndiye aliyelipeleka kwa mwenye msafara. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa na pande mbili: kuteremsha amri na kupandisha habari. Nasi leo wengi tumeshika upande wa kwanza na kuutupa wa pili.

Sisemi haya kama mtu asiyepata kukosea. Miaka ya mwisho ya daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea majini tangu mwaka 1931, kabla hili la zege halijafunguliwa mwaka 1980, mimi nilikuwa karani kijana katika ghala moja upande huu wa bara. Sitalitaja jina lake, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na kalamu mbili mfukoni na kiburi kilichozidi kalamu hizo.

Siku moja, lori likiwa mlangoni nami nikihesabu, mzee mmoja hamali alinijia akasema, "Karani, mwanangu, magunia ya pembe ile ya nyuma yamekaa vibaya. Ya chini yamelowa, yanateleza." Sikuinua macho. Nikamwambia, "Nitakuja kuyaona." Akaondoka. Sikwenda. Nilimaliza hesabu ya lori lile, likaja la pili, nikasahau.

Baada ya saa sita mchana lundo lile liliporomoka. Kijana mmoja aliyekuwa akipita chini yake alivunjika mguu juu ya goti. Tulimtoa chini ya magunia, akapelekwa hospitali, akakaa huko muda mrefu. Mfupa uliunga, lakini mguu ule ukawa mfupi kuliko mwenzake, na hamali mwenye mguu mfupi si hamali tena. Nilipoandika taarifa ya siku ile niliandika kwamba ilikuwa ajali. Niliandika neno hilo kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hati nzuri.

Siku chache baadaye nilimwita mzee yule kando, nikamwuliza kwa nini hakurudi kunihimiza. Alinitazama bila hasira, akasema, "Karani, nilikuambia mara moja, na hiyo mara moja ilikuwa nyingi. Mwezi uliopita nilikujia na neno jingine, ukaniambia mbele ya watu kwamba mimi nimeajiriwa kwa mabega, sikuajiriwa kwa maneno. Basi nikatumia mabega."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelisahau neno lile kabisa, yeye hakulisahau. Ndivyo yalivyo maneno ya mkubwa: kwake yeye ni upepo uliopita, bali kwa aliyeambiwa ni msumari uliopigiliwa. Na tangu siku ile naijua maana ya methali ya wazee wetu, mkubwa ni jaa. Jaa hutupiwa kila kitu, lisikatae wala lisiseme kwamba hiki kinanuka. Mkubwa naye hana budi kupokea habari mbaya, malalamiko, hata maneno ya upuuzi, kwa kuwa akikataa kupokea upuuzi mara tatu, mara ya nne hataletewa hata habari ya hatari.

Na yaliyotokea katika ghala moja yamepata kutokea katika mji mzima. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Wengi walikuwa vibarua wa kulipwa kwa siku, mishahara ilikuwa haba, na kodi ya vyumba ilikuwa nzito. Serikali ya wakati ule iliunda tume ya uchunguzi, tume ikasikiliza, ikaandika. Kisha vita vikuu vikaingia, bei za vitu zikapanda, na mambo mengi yaliyosemwa yakabaki katika karatasi.

Tarehe 13 Januari 1947 ufa ule ulikuwa umekwisha kuwa pengo. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandarini Kilindini, wa reli, wa mahotelini, hata watumishi wa majumbani. Kila siku walikusanyika katika uwanja uliopata kuitwa Kiwanja cha Maskini, wakasikilizana. Yafaa tulifikiri jambo hilo. Watu waliokosa mahali pa kusema kazini walijitengenezea mahali pao pa kusema, na palipotengenezwa mahali hapo, kazi ya mji ikasimama.

Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1944, alikuja Mombasa akasema na wagomaji, nao wakarudi kazini tarehe 25 Januari kwa ahadi kwamba malalamiko yao yatachunguzwa. Baraza la usuluhishi likakaa chini ya Jaji Thacker, yule yule aliyekuja kusikiliza kesi ya Kapenguria baadaye, na mwaka ule ule likaamua wafanyakazi wengi waongezewe malipo. Lakini Chege Kibachia, kiongozi wa chama kilichozaliwa katika mgomo ule, alikamatwa mwezi wa Agosti 1947 akapelekwa kizuizini Kabarnet. Serikali ilikubali baadhi ya maneno, ikamfunga kinywa msemaji. Na waliotazama mbali walijua kwamba neno halifungwi pamoja na mtu: mwezi wa Machi 1955 bandari ilisimama tena.

Safari hiyo Tom Mboya, kijana aliyekuwa hajatimiza miaka 25, alikuja kutoka Nairobi akiwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Alizungumza na wafanyakazi, akazungumza na waajiri, watu wakarudi kazini, na mashauriano yakaleta nyongeza ya mishahara. Kazi ya mtu wa namna hiyo ni ngumu kuliko kupiga kelele, kwa maana hana budi kuyachukua maneno ya upande huu hadi upande ule bila kuyatia chumvi wala kuyapunguza makali. Msimamizi wa watu kumi na wawili yumo katika kazi hiyo hiyo kila siku, ijapokuwa hakuna gazeti litakaloandika habari zake.

Basi, nilipokwisha kumweleza kijana haya, alisema, "Mzee, historia nimeielewa. Kesho asubuhi nifanye nini?" Nikampa mambo sita, nami nawapa ninyi.

La kwanza ni salamu. Ufike kabla ya watu wako, uwasalimu mmoja mmoja. Msimamizi asalimuye kila siku humjua mtu kwa sauti yake, na siku sauti hiyo itakapobadilika atajua kwamba kuna mgonjwa nyumbani au deni mlangoni. Waliokuzidi umri waamkie kama mila ituagizavyo. Cheo hakimfanyi mtu kuwa mkubwa wa baba yake. Usiogope kwamba heshima yako itapungua.

La pili, amri yako iwe kamili. Mwenye shamba mmoja wa Kisauni alimwambia mkwezi wake, "Leo angua ile minazi ya nyuma," akaenda zake mjini. Aliporudi alikuta koroma wamejaa uani, nao mnunuzi alitaka nazi zilizokomaa kwa kukuna. Akamkaripia mkwezi. Mkwezi akajibu, "Bwana, uliniambia niangue, nikaangua." Na koroma akishaanguliwa harudi mnazini. Kwa hiyo useme ni kazi gani, kiasi gani, mpaka saa ngapi, na kwa sababu gani. Hiyo sababu usiiache, kwani mtu aijuaye sababu ya kazi ataweza kuamua vema hata wewe usipokuwapo. Kisha mwombe akuelezee alivyoelewa. Usimwulize, "Umefahamu?" Kila mtu hujibu amefahamu.

Hapa niseme neno moja juu ya simu. Siku hizi wasimamizi wengi hupeleka amri kwa ujumbe wa simu, hata kwa mtu aliye hatua ishirini kutoka mezani pao. Ujumbe ni mzuri kwa hesabu, kwa tarehe na kwa namba ya lori. Lakini hauna uso. Neno la lawama likiandikwa usiku na kusomwa asubuhi, msomaji hulitia sauti yake mwenyewe, na mara nyingi sauti hiyo huwa kali kuliko ya aliyeandika. Jambo zito lisemwe uso kwa uso.

La tatu ni kusikiliza kwa wakati maalumu. Chukua dakika kumi kila siku kabla ya kazi, nyote mmesimama, uulize mambo mawili: jana kulikwama nini, na leo kuna hatari gani. Mwache aliye mdogo aseme kwanza, kwa kuwa wakubwa wakitangulia kusema, wadogo huitikia tu. Wewe useme mwisho. Akisema mtu neno la upuuzi, mshukuru kama ulivyomshukuru aliyesema neno la maana; huyo wa upuuzi ndiye ambaye huenda kesho akaliona lundo linaloinama.

La nne, jibu lirudi. Hili ndilo wasimamizi wengi hushindwa, nami ndilo lililoniangusha. Kusema "nitaangalia" ni kukopa. Basi uwe na daftari dogo, uandike: nani amesema, amesema nini, nimeahidi nini, lini. Kabla ya kufunga kazi lifungue. Ikiwa jibu ni ndiyo, mpelekee. Ikiwa ni hapana, mpelekee pia pamoja na sababu yake. Ikiwa bado hujapata jibu, mwambie kwamba bado. Mtu anaweza kuvumilia kukataliwa, bali kusahauliwa huona ni kudharauliwa. Na jambo la hatari usiliandike kwanza. Inuka, uende ukalione.

La tano ni makaripio. Mtu akikosa, mwite kando. Msikilize kabla hujahukumu, kisha ulikaripie kosa wala usimkaripie mama yake na kabila lake. Sifa zitoe mbele ya watu, na uzitoe kwa jambo lenyewe: kusema "vizuri, vizuri" hakumfundishi mtu kitu, bali ukimwambia, "Leo umeyatenga magunia yaliyolowa bila kuambiwa, umetuokolea hasara," kesho atayatenga tena, na wenzake pia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kwani kidole kitapona kabla ya juma kwisha.

La sita, kosa likiwa lako, ulikiri mbele ya wale wale waliolishuhudia. Sina haja ya kulieleza sana. Kila mtu analijua, na kila mtu linamshinda.

Kijana akaniuliza kama haya si upole wa kupita kiasi, na kama watu hawatampanda kichwani. Nikamwambia kwamba mkosaji sugu lazima aadhibiwe, hata kuachishwa kazi ikibidi, bali hata hapo kusikiliza hakuondoki. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa kutoiweza kazi, amweleze sababu katika lugha anayoifahamu, amruhusu awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na asikilize utetezi wake. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka ule ule inamwagiza mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa mahali pa kazi, na inamkataza mwajiri kumrudisha mtu penye hatari ambayo haijaondolewa. Kwa maneno mengine, lile ambalo mzee yule alilifanya kwa hiari yake, leo ni wajibu wa mfanyakazi. Na lile nililoliacha mimi, leo ni wajibu wa mkubwa.

Lakini sheria haiwezi kumfungua mtu kinywa. Imeandikwa kwamba aseme. Haijaandikwa kwamba asiogope. Hilo la pili huandikwa na msimamizi mwenyewe, kidogo kidogo, kila asubuhi, kwa namna anavyopokea neno dogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema. Nami naongeza kwamba mara nyingi mwenye nyumba hauoni ufa. Auonaye ni yule alalaye karibu nao.

Kijana aliniaga usiku ule akiwa na mambo sita yameandikwa katika kipande cha karatasi. Juzi alipita akaniambia kwamba siku tatu za kwanza aliuliza "Kuna neno?" na hapakuwa na neno. Siku ya nne mmoja wa wazee wale alikohoa, akasema kwamba ngazi moja ya ghala imelegea msumari. Wakaenda pamoja kuitazama, na kweli ilikuwa imelegea. Wakaitengeneza papo hapo.

Nilifurahi, nami niliona wivu kidogo. Kazi yake ilikuwa ya msumari mmoja na nyundo. Mimi nilihitaji inuko moja tu kutoka kitini, nisinuke. Na mpaka leo, nionapo mtu wa makamo akichechemea sokoni, humtazama usoni nione kama ndiye.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya hesabu za vyama vya ushirika, na kwa nini mweka hazina mwema hupenda kuulizwa maswali.